Nyumba ya Magurudumu: Barua kwa Mwanangu Aliye Texas

Kibokoni, Mombasa
Mwezi wa Mei

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullah. Sisi hatujambo, ila masika yametushika. Tangu juzi mvua haijakatika, na dari ya ukumbini imeanza tena kudondosha mahali pale unapopajua. Mamako ameshaweka sufuria. Nakuandikia huku nasikia ti, ti, ti, na si vibaya, maana hilo tone ndilo nitakalolizungumza.

Jumamosi, uliponionyesha kwa simu lile gari la bluu la kuishi ndani, pale yadi ya kuuzia, sikusema hata nusu ya niliyokuwa nayo. Muuzaji alikuwa amesimama nyuma yako, meno yote nje, nawe ulikuwa na haraka. Nikaona bora kalamu. Nduguyo ataipiga picha karatasi hii akurushie, kisha uisome umekaa kitako, na mkeo aisikie pia.

Kwanza nikuchekeshe. Nilipowaambia wazee barazani kwamba mwanangu anastaafu, anauza nyumba yake Houston, yeye na mkewe wanahamia ndani ya gari, watu walinyamaza wote. Kisha mmoja akaniuliza polepole, "Ni deni?" Nikamwambia si deni, wenyewe wamependa. Wako wengi huko wanaoishi hivyo: majira ya baridi wanateremkia jangwa la Arizona, joto likizidi wanapanda kaskazini, kama majahazi yalivyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Hapo wakaelewa. Sasa wanaliita nyumba ya magurudumu, na kila jioni naulizwa umenunua jipya au la mtumba.

Rai yangu ni la mtumba. Lakini si lile la bluu, na nitakueleza kwa nini.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa majahazi. Wewe hukumdiriki akiwa na nguvu zake. Jahazi jipya likishuliwa, usiku wa kwanza halilaliwi, huvuja. Mbao bado kavu, hazijanywa maji zikavimba zikabana, na pale ambapo kalafati, ile pamba ya kuziba kati ya mbao, haikushika vizuri ndipo panapojitangaza. Babu yako alikuwa akilala humo ndani na taa na ndoo, anafua maji na kutia alama ya chaki kila mahali panapolia. Hakuna aliyemlaumu fundi kwa hilo. Lakini pia hakuna aliyepakia watoto wake na mali yake yote humo usiku ule.

Nyumba ya magurudumu ni vivyo hivyo. Ni nyumba, halafu kila ukiitembeza ni kama umeipitisha kwenye tetemeko la ardhi. Mwaka wa kwanza skrubu zinalegea, viungo vya mabomba vinatoa machozi, zile kuta zinazotoka nje kuongeza chumba zinakataa kurudi ndani. Utasema kuna waranti. Sawa, lakini waranti maana yake ni kulirudisha gari yadi na kungoja zamu, na zamu yaweza kuwa wiki kadhaa. Mwenye nyumba nyingine analiacha, anarudi kwake. Wewe kwako ni ndani ya hilo hilo lililofungiwa gereji. Utalala wapi? Na jambo jingine: zisome zile karatasi hadi maandishi madogo ya mwisho. Waranti nyingi za magari haya zinasema wazi kwamba ukilifanya ndiyo makazi yako ya kudumu, haziko tena. Bima nayo ni hivyo hivyo, mwambie wakala tangu mwanzo kwamba mnaishi humo mwaka mzima, akupe ile ya watu wa namna yenu. Ukimficha, siku ya moto atakuficha na yeye.

Mimi nayajua ya gari jipya kutoka upande wa fundi. Mwaka 1979 ndipo niliposimamia basi langu la kwanza, bodi nzima kuanzia chesisi. Mwenye basi alitaka liingie njia ya Malindi kabla ya Idi, tukawa tunakesha. Ribiti za paa kila moja nilipaswa kuipaka lami kabla ya kuigonga. Usiku wa mwisho nikaruka mstari mzima. Nikasema nani atapanda juu kuzihesabu? Mvua ya kwanza ilitukuta kwenye foleni ya feri ya Kilifi. Daraja lile la 1991 halikuwapo bado. Nami nimo ndani, nimepanda kwa majivuno kulionja basi langu. Maji yakaanza kushuka juu ya viti vya kulia, mstari ule ule. Bibi mmoja hakusema neno. Alifungua mwavuli wake mle ndani ya basi, akaendelea kula njugu. Nilishuka, nikasimama mvuani hadi feri ikafika.

Wewe mwenyewe ulinisomea kwamba mwaka 2021, watu walipochoka kufungiwa na korona, viwanda vya huko vilitoa magari haya zaidi ya 600,000 kwa mwaka mmoja, na mengi yanaundwa katika mji wa Elkhart, Indiana, na vitongoji vyake. Elkhart sijafika. Lakini fundi anayehimizwa namjua, nimekuwa yeye. Ukipata la mwaka ule, paa ulikague mara mbili.

Pesa nisizirefushe. Gari jipya likivuka lango la yadi limeshakuwa la mtumba, na wenyewe huko husema huangusha kama moja ya tano ya thamani papo hapo. Huyo muuzaji wako anakupa mkopo wa miaka 20. Una miaka 62. Ukimaliza kulipa utakuwa na 82, ambayo ndiyo miaka yangu leo, na mimi leo siwezi kupanda ngazi kulitazama bati langu linalovuja. Acha mwingine aumie na ile moja ya tano. Acha yeye afue maji ya usiku wa kwanza, atie alama za chaki. Wewe njoo mwaka wa nne au wa tano, ununue kwa taslimu, ubakiwe na akiba ya matengenezo.

Sasa lile la bluu.

Ulipokuwa ukiitembeza simu ubavuni mwake nilikwambia simama, rudi nyuma hatua mbili. Huenda hukuona nilichokiona. Taswira ya nguzo ya taa ilikuwa ikipita juu ya ubavu ule imenyooka kama rula, ilipofika karibu na dirisha la jikoni ikapinda, kama kijiti ukikichovya majini. Pale pamefura kama kitumbua. Maana yake ile fiba ya nje imeachana na plaiwudi ya ndani, na kilichoziachanisha ni maji yaliyoingia juu ya dirisha siku nyingi zilizopita, yakashuka taratibu. Muuzaji akasema ni jua. Jua la Texas silijui, la Mombasa nalijua, na halivimbishi upande mmoja wa dirisha likaacha wa pili. Ubavu ule haurudi kwa rangi wala kwa gundi. Ukifunguliwa utakuta mbao unazibomoa kwa kidole.

Kisha nikakwambia uiname usome tairi, zile tarakimu nne za mwisho. Ukanisomea 1418. Hiyo ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Gari lenyewe linaitwa la 2019, kwa hivyo hizo ni tairi zilizotoka nalo kiwandani, na yeye amebandika kibao "tairi safi". Ukaniambia, "Baba, zina meno yote." Mwanangu, mimi pia nina meno yote, ni ya kuvua. Zina meno kwa sababu gari limekaa uani miaka, jua linalipiga. Mpira unakufa kwa umri, na tairi ya trela ikipasuka barabara kuu haipasuki peke yake, huchana na sakafu na mabomba.

Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanatafuta gari lililotumika kidogo. Mimi nakwambia ulihofu lililotumika kidogo. Jahazi linalooza ni lile lililopandishwa pwani likasahauliwa, linalosafiri lina mtu wa kulitazama. Hata jenereta, ukiona saa zake ni chache mno usifurahi. Iliyolala muda mrefu na petroli ndani hugoma. Tafuta gari lililokaliwa na watu kama nyinyi, wenye daftari la matengenezo na risiti. Zulia litakuwa limechakaa, bawaba za makabati zimelegea, godoro ni la kutupa. Hayo yote ni kazi ya wiki moja.

Ukienda kulitazama, mpigie mwenyewe kabla, umwombe asilifungue hadi ufike. Ingiza pua kwanza, kabla ya macho. Ukikuta harufu ya uvundo, umejua. Ukikuta manukato ya kupuliza, umejua zaidi. Vua viatu, utembee peku, polepole, hasa mlangoni, bafuni na pembeni mwa kitanda. Sakafu iliyokunywa maji hukuitikia kwa unyayo, hunesa. Fungua makabati ya juu ubonyeze pembe kwa kidole gumba. Kisha panda paa. Najua una goti, mpandishe mwanao. Paa nyingi ni za mpira, na hatari haiko katikati, iko pembeni na kuzunguka kila tundu: la hewa, la feni, la kiyoyozi. Ile gundi inayozunguka ndiyo kalafati yenu. Ikiwa imekauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi, uliza ilipakwa lini mara ya mwisho. Asiyejua hajawahi kupanda. Na ukilinunua, kila miezi michache uwe juu na taa na mkebe wa gundi, jipya au kuukuu ni sawa.

Vile visanduku vinavyolia gesi ikivuja vina tarehe ya mwisho, imeandikwa mgongoni. Na baada ya yote hayo, lipa mkaguzi. Si rafiki wa muuzaji, si anayetoka yadi hiyo hiyo. Ni dola mia kadhaa, utaumia siku moja.

La injini au la kuvutwa? Mkeo ataka lenye injini kwa sababu anaweza kwenda chooni safarini bila kukuambia usimame. Hoja nzuri, siibezi. Lakini injini ikifa, nyumba imekufa nayo, inakokotwa na breki-dauni na masufuria ndani. La kuvutwa, pikapu ikiumwa inakwenda gereji peke yake, nyinyi mnabaki mkinywa chai. Lile linalokalia juu ya eksili ya nyuma ya pikapu ndilo nililolipenda. Kiungo chake ni kile kile cha malori yanayovuta makontena kutoka Kilindini, sijaona kilichokuwa imara zaidi.

Kuna hoja moja dhidi yangu, nikupe mwenyewe kabla hujaipata. Umesema kambi nyingine za huko, zile za kuegesha magari haya, hazipokei gari lililopita miaka 10. Basi usinunue la miaka 8 ukanisingizia. Kwa la miaka minne una muda, na wengine wakiona limetunzwa huwa hawashiki sana.

Ulifanya mzaha kwamba siku moja utalipakia meli ulilete Mombasa ulipaki nje ya Ngome ya Yesu. Usijaribu. Hapa usukani wa kushoto hausajiliwi, na gari la mtumba lililozidi miaka minane haliingii. Na vichochoro vya Kibokoni wavijua, mkokoteni wenyewe hupita kwa adabu. Wewe njoo na begi. Chumba chako cha juu kipo, nacho hakivuji.

Jumamosi nipigie tena saa kumi alasiri yetu, huko itakuwa saa mbili asubuhi na jua bado liko chini. Jua la chini ndilo linaloonyesha vitumbua. Simu iwe na chaji, na umwache muuzaji ofisini.

Mamako ameisikiliza barua yote, hana neno na matairi. Ana swali moja. Ulisema wanaoishi hivyo huandikisha makazi South Dakota au Florida au hapo hapo Texas, wanapata sanduku la barua, na wenyewe wako njiani. Amekutengenezea chupa mbili za achari ya embe, na mtoto wa jirani anakuja Houston mwezi wa Julai. Anauliza aziache kwenye hilo sanduku, au mtakuwa bado mna mlango wa kugongwa.

Babako