Risala ya Chama cha Usalama Barabarani kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Zawadi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Afande. Mwalimu Mkuu, wanabodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Kwa niaba ya chama chetu, karibu sana. Umetoka Nakuru mjini ukapanda hadi huku, kwa hivyo barabara tunayotaka kuizungumzia umetoka kuipitia sasa hivi.

Afande, madarasa yetu yako karibu na mteremko wa kutoka Sachangwan kwenda Salgaa. Usiku tukiwa prepu tunayasikia malori yakishuka, na wenyeji wa hapa tunajua kwa sikio tu. Injini ikinguruma kwa uzito, dereva ameweka gia ndogo na injini inamsaidia kulizuia gari. Mngurumo ukikatika ghafla, ukabaki mvumo wa magurudumu, ameweka fri, yaani ametoa gia, ili aokoe mafuta. Hapo kazi yote imeachiwa breki, nazo zikishapata moto hazishiki tena. Harufu yake hutufikia dirishani.

Tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori liliacha njia likavamia magari na wachuuzi kando ya barabara, watu 52 wakafa. Hatuzitaji ajali hizi ili kumlaumu marehemu yeyote. Tunazitaja kwa sababu tumekulia kando ya barabara hii.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kila aliyevaa sare hapa yumo. Na huku kwetu kijana hajifunzii gari la baba, maana wengi wetu baba hana gari. Anajifunzia pikipiki ya binamu wakati wa likizo, uwanjani kwa kanisa, nusu saa. Wiki inayofuata amebeba abiria.

Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa hivyo. Likizo ya Aprili mwaka jana, nikiwa na miaka 16, nilichukua pikipiki ya mjomba nikambeba dada yangu mdogo na gunia la viazi. Helmeti ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha pembeni. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona ya murramu ng'ombe akakatiza, nami nikaifinya breki ya mbele kwa nguvu, usukani ukiwa umepinda. Tairi likateleza, tukaanguka. Kwamba mwendo unapunguzwa kabla ya kona, na kwamba breki zote mbili zinashikwa polepole pikipiki ikiwa imenyooka, nilikuja kuambiwa na mwalimu wa udereva baadaye, dada yangu akiwa na plasta mguuni. Hadi leo akisikia pikipiki nyuma yake huacha njia na kuingia kwenye nyasi.

Afande, sheria inataka miaka 18 kwa gari dogo na kwa pikipiki hizi za kawaida. Tunaiheshimu. Lakini miaka 18 inatukuta tumeshazoea makosa, ndiyo maana tunaomba elimu itangulie ufunguo.

Darasani tumefundishwa kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne. Tunaandika hivyo kwenye mtihani na kupata alama. Mwezi uliopita tulitoka na futi kamba uwanjani. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Tulipima mita hizo, yaani sekunde moja tu ya dereva kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, kuanzia mstari wa goli, tukafika karibu na ukingo wa boksi. Mwenzetu wa Kidato cha Kwanza akauliza, "Na hapo bado hajashika breki?" Ndiyo, bado.

Ombi letu kubwa ni mwalimu wa udereva aje hapa kila muhula, na ule ubao wake wenye mji mdogo na vigari, atufundishe kuingia raundabauti, kusoma alama na kumpisha mwenye haki ya njia. Pili, rangi ya kivukio chetu langoni imefutika, na matuta yamelika. Tatu, tusemee kwa viongozi wa steji za bodaboda na kwa wazazi walioketi hapa: mwanafunzi asiye na leseni asipewe pikipiki, hata kama ni ya kukimbilia dukani tu.

Sisi nasi hatukukaa bure. Tumechanga shilingi 6,000 tukanunua helmeti nne, ziko mezani mbele yako. Sheria inamtaka abiria naye avae, kwa hivyo tatu ni za abiria wa bodaboda wanaotuleta shule. Ile ndogo ya buluu, kwa ruhusa yako, tungependa umvalishe dada yangu. Amekaa safu ya pili, karibu na mama.