Ufunguo wa chumba cha ubunifu uko Dodoma

Mhariri,

Ile habari yenu ya maktaba kuzindua "chumba cha ubunifu", yenye picha ya mheshimiwa kashika twiga wa plastiki aliyetoka kwenye printa ya 3D, ile mashine inayotengeneza vitu vya plastiki, nimeikata na kuiweka. Nanunua gazeti lenu tangu niko kazini na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mwandishi wenu aliondoka utepe ulipokatwa. Mimi nilienda baadaye, Jumamosi, na mjukuu wangu wa darasa la sita. Redio ya bibi yake imevunjika kile kidude cha kuzungusha sauti, mtoto akasema, "Babu, si tukakichape pale maktaba?" Nikaona akili hiyo. Tulikuta mlango wa kioo umefungwa, printa imefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua. Binti wa mapokezi akatuambia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, ile ni ya wageni. Na ufunguo anao mkuu, yuko semina Dodoma." Tukarudi baada ya wiki mbili. Mlango wazi, lakini ule uzi wa plastiki ambao printa huuyeyusha kutengenezea vitu uliachwa nje tangu siku ya uzinduzi, na huku pwani unyevu unaujua mwenyewe. Nilipouvuta ulikatika kama tambi mbichi. Nimefundisha useremala miaka 31, najua kitu kilichonyonya maji. Nikauliza kama kuna mwingine, nikaambiwa utaagizwa bajeti ikipita. Yaani mashine ya mamilioni, imefunguliwa kwa ngoma na maji ya chupa, imeshindwa kwa sababu hakuna aliyefikiria kuufunga uzi ndani ya ndoo yenye mfuniko! Mtoto akaniuliza kama tutarudi tena. Sikumjibu.

Mnaandika kwamba wazo limetoka Marekani, maktaba ya Fayetteville, jimbo la New York, mwaka 2011. Sawa. Lakini wenzetu huko wanaweka pia cherehani, na mtu wa kawaida anaingia akashona.

Na hili la mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari, kwenye sera ya elimu toleo la 2023, nalo mliangalie. Mimi nilisoma shule ya ufundi Ifunda. Randa ulikabidhiwa kwa saini, ukiipoteza unalipa. Shule niliyostaafia, siitaji, karakana yake leo ni stoo ya viti vibovu. Jiliwa, vile vyuma vya kubania mbao, zimeng'olewa mezani, yamebaki matundu ya bolti. Hao watoto wa amali watajifunzia wapi, kwenye projekta?

Ushauri wangu ni huu. Ufunguo utundikwe kwenye msumari kando ya mlango, usawa wa mtoto wa darasa la tano. Zinunuliwe cherehani mbili za kukanyaga, hata za mtumba, misumeno minne, na ndoo moja ya mfuniko. Halafu aitwe fundi redio wa pale sokoni, alipwe posho ile ile ya semina, akae na watoto Jumatano na Jumamosi. Kidude cha redio yetu alikichonga kwenye kisigino cha kandambili mbele ya mjukuu wangu, robo saa, shilingi 1,000. Bibi anasikiliza taarifa ya habari.

Mwalimu mstaafu wa useremala