Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Damu Ipimwe Kabla ya Sindano

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliotoka Bahi, Chamwino, Kongwa na hapa mjini, mbukwenyi!

Mapato na matumizi atawasomea mhazini. Habari za ushuru wa mnada ziko kwenye muhtasari mliogawiwa mlangoni, nami sitazirudia. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotuhangaisha tangu mvua za Desemba hadi malisho yalipokauka, nalo ni kupe na magonjwa wanayoingiza kwenye damu.

Nianze na josho letu, ambalo sasa lina paa na sakafu ya kuchuruzia maji. Limetumika, lakini zipo wiki ambazo ng'ombe waliogelea tu. Mvua ikinyesha maji huongezeka na dawa huzimuka. Jua likichoma maji hupungua, mtu akajaza ndoo kadhaa bila kuongeza dawa, kisha tukasema dawa ya ruzuku haiui kupe. Dawa iliyozimuliwa ina ubaya mwingine: kupe wanaopona ndio wanaozaa, na huko tuendako watakuwa sugu. Kuanzia sasa msimamizi atapima kina kila siku ya kuogesha na kuongeza dawa kwa kufuata lebo. Ng'ombe wa kwanza watapitishwa ili wakoroge, halafu warudi kwenye foleni waoge upya. Na tafadhali wanywesheni kwanza nyumbani, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu hunywa maji ya josho.

Wapo wanaoona kuogesha kila wiki wakati wa mvua ni usumbufu. Kimelea cha ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, hakimwagiki pale kupe anapouma. Hukomaa kwenye tezi za mate za kupe huku akinyonya, na hilo huchukua siku kadhaa. Kupe akifa ndani ya siku hizo, ng'ombe amesalimika. Akiachwa wiki mbili ameshamaliza kazi yake na ameanguka majanini.

Sasa nije kwenye sindano, na hapa nitasema wazi hata kama baadhi yenu mtanuna. Mwaka huu wengi wetu tumetibu kwa kubahatisha. Ng'ombe akizubaa, inatafutwa chupa ya oksitetrasaiklini kwa muuzaji anayetembeza dawa mnadani, anachomwa, na asipopona anachomwa tena. Dawa hiyo inafaa kwa ndigana baridi, ambapo ufizi hupauka au kuwa wa manjano na kinyesi hukauka. Ndigana kali ikishapanda, mitoki imevimba chini ya sikio, mnyama anakohoa na povu linatoka puani, haitamwokoa. Hapo panatakiwa buparvakwoni, tena mapema. Anayekojoa damu anahitaji diminazini au imidokabu. Magonjwa matatu yote huanza na homa, na ng'ombe mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Wenye mbuzi nao wanajua moyo maji, ugonjwa mwingine wa kupe, unavyoua kabla hujamwita mtaalamu.

Kuna la sindano yenyewe pia. Sindano moja ikizunguka boma zima bila kuchemshwa hubeba ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, hata pasipo kupe. Kwa hiyo mtu anaweza kueneza ugonjwa ule ule anaodhani anautibu.

Kamati inapendekeza sehemu ya ada za mwaka ujao inunue slaidi, yaani vioo vya kupakia damu ya kupimwa, na kulipia vipimo. Tone la damu ya ncha ya sikio na majimaji ya mtoki uliovimba yanamtosha mtaalamu wa maabara kutofautisha vimelea hivi. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo hapa Dodoma, na mkoa huu una kituo cha mifugo Mpwapwa tangu mwaka 1905. Kwa jirani yao kutibu kwa kukisia ni aibu kidogo.

Katika mikutano ya vijiji liliulizwa kama magonjwa haya humpata mtu. Ndigana kali haimpati. Jamii fulani za Babesia, ukoo wa kimelea cha mkojo wa damu, humpata: mgonjwa wa kwanza aliyethibitishwa aliripotiwa mwaka 1957 kule Yugoslavia, mfugaji aliyekuwa ameondolewa wengu, na leo wagonjwa wengi huonekana Marekani. Chini ya hadubini kimelea hicho hufanana sana na cha malaria.

Lakini kwetu Ugogoni cha kuogopa kiko chini ya kitanda. Ni papasi, kupe wa majumbani anayeuma watu. Hakai kwenye ng'ombe. Hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za tembe, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi, na anaweza kukaa miaka bila kula. Robert Koch alimchunguza katika nchi hii mwaka 1905, kwenye vibanda walimolala wapagazi wa misafara. Homa yake inaletwa na bakteria wa jamii ya Borrelia. Hupanda, hushuka mtu akadhani amepona, kisha hurudi. Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni bakteria huyo. Anaonekana kwenye slaidi ya damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda. Kwa mama mjamzito inaweza kuharibu mimba. Msimeze dawa nyumbani, kwa kuwa baada ya dozi ya kwanza homa huweza kupanda vibaya ndani ya saa chache, na mgonjwa anapaswa kuangaliwa. Utafiti uliofanyika Mvumi na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kupulizia dawa ndani ya nyumba kulipunguza homa hii kwa watoto wadogo. Wenye uwezo wa kusakafia chumba cha kulala kwa saruji, fanyeni hivyo kabla ya kununua televisheni.

La mwisho ni chanjo. Baadhi yenu mnadhani ng'ombe aliyevishwa hereni katika kampeni ya kitaifa ya mwaka 2025 amekingwa na ndigana. Hapana. Kampeni ile ni ya homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri kwa kuku. Chanjo ya ndigana kali ni nyingine: vimelea hai vilivyogandishwa kwenye naitrojeni, vinavyochomwa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Wafugaji wa kaskazini wameitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mara moja hutosha, ila haizuii ndigana baridi wala mkojo wa damu, kwa hiyo josho liko palepale.

Mrija mmoja wa chanjo una dozi 40, na ukishayeyushwa utumike ndani ya saa chache. Mwenye ndama watano hawezi kuufungua peke yake. Tutaanza na ndama wasio na homa, na makundi yanayoshuka Kilosa wakati wa kiangazi, kwa maana ng'ombe aliyekulia kwenye ukavu wetu akifika penye kupe wengi hana kinga. Majina yaandikwe kwa Katibu, kijiji kwa kijiji, kabla hamjaondoka leo. Kijiji kitakachofikisha ndama 40 ndicho kitakachopangiwa siku kwanza.