Mhariri, tupeni safu wasomaji tuambiane vitabu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Vitabu mkiviandika basi ni kile kilichopata tuzo au kilichozinduliwa juzi na mgeni rasmi, na mimi sina ugomvi na hivyo, ila riwaya zilizonigusa kweli kweli karibu zote nimepewa na msomaji mwenzangu, sikuzikuta kwenye tangazo.

Chukueni mfano wa Stoner ya Mmarekani John Williams. Ilitoka 1965, zikauzwa nakala zisizofika 2,000, ikaacha kuchapwa, na mwandishi akafariki 1994 bila kuiona ikivuma. Ikaja kuchapwa tena miaka ya 2000, wasomaji wakaanza kunong'onezana, mwandishi wa Ufaransa Anna Gavalda akaipenda mpaka akaitafsiri 2011, ikauzika Ulaya nzima, na 2013 maduka ya Waterstones kule Uingereza yakaitangaza kitabu cha mwaka. Sasa ukiulizwa inahusu nini unajibu nini? Mtoto wa mkulima anakuwa mwalimu wa chuo, ndoa inamshinda, anafundisha, anazeeka, anakufa. Basi. Hakuna jalada litakalokushawishi kwa maelezo hayo, lazima mtu unayemwamini akushike mkono akwambie soma hii.

Mwandishi Mmarekani Zora Neale Hurston naye hivyohivyo. Riwaya yake Their Eyes Were Watching God ilitoka 1937 ikaja kupotea madukani, yeye akafariki 1960 akazikwa kaburi lisilo na alama. Waliomrudisha ni wasomaji jamani. Walimu walipeana fotokopi, wakapitisha karatasi ya saini kudai kitabu kichapwe, mwandishi mwenzake Alice Walker akaenda kulitafuta kaburi akaandika habari zake 1975, na 1978 kikarudi sokoni.

Hata kwetu kwenye Kiswahili, Kezilahabi wengi wanamjua kwa Rosa Mistika, lakini Nagona (1990) na Mzingile (1991) mtu anafungua kurasa chache anaweka chini, anasema haielewiki. Ni vitabu vyembamba tu ila vinakwenda kama ndoto, sasa akitokea mtu wa kukwambia mapema usitafute kisa kilichonyooka, isome taratibu, sehemu nyingine isome kwa sauti, unakuta mlango umefunguka. Hiyo kazi nyota tano wanazokipa kitabu mtandaoni haziwezi kuifanya.

Kuna rafiki yangu mmoja akikuazima kitabu anachomeka kikaratasi ndani, ameandika kwa penseli, "mwanzo unasuasua, vumilia mpaka mama afungue sanduku." Hakusimulii kilichomo sandukuni. Na anakwambia kabisa kama kitabu sio chako, eti wewe umetoka msibani juzi hiki kiache kwanza. Yaani anakijua kitabu na anakujua wewe, ndo maana akisema nasoma.

Kwahiyo ombi langu, tupeni kasafu kadogo kila wiki, hata maneno mia na hamsini yanatosha, msomaji mmoja aeleze riwaya moja isiyovuma. Asisimulie mwisho. Aseme wapi panachosha na kwanini aliendelea, aseme nani asiisome, na kama kitabu ni adimu aseme yeye alikipataje, maana hapo ndo wengi tunakwama, unasifiwa kitabu halafu hukioni popote. Na tafadhali waandishi wasijisifie vitabu vyao wenyewe humo wala wachapishaji wasiingize matangazo, wakianza hivyo watu wataacha kuiamini safu na ikishafika hapo haina maana tena.

Mkikubali, ya kwanza niko tayari kuandika mimi, nitaanza na Mzingile.

Msomaji wenu wa kila siku