Malalamiko ya mwanafunzi: Mliniuzia pasi ya reli ya Japani huku mkiwa na viza yangu mkononi

Sendai, Mkoa wa Miyagi,
Japani.

20 Desemba 2024

Meneja wa Tawi,
Wakala wa Safari na Tiketi,
Posta Mpya,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: VOCHA YA PASI YA RELI YA JAPANI NILIYOUZIWA TAREHE 18 SEPTEMBA 2024

Mimi ni mteja wenu niliyefika katika tawi lenu siku ya Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, nikanunua tiketi ya ndege ya kuja Japani pamoja na vocha, yaani hati ya kubadilishwa huku Japani ili kupewa pasi yenyewe, ya Pasi ya Reli ya Japani ya siku saba, daraja la kawaida, kwa shilingi 1,015,000 ikiwemo ada yenu ya huduma. Stakabadhi zote mbili ninazo na nakala zake nimeziambatisha. Kuhusu tiketi ya ndege sina neno. Nilisafiri salama na mizigo yangu ilifika yote. Ninachokilalamikia ni vocha, ambayo sikuweza kuitumia hata kwa mwendo wa kituo kimoja, kwa sababu mtu wa hali yangu haruhusiwi kuitumia kabisa, na siku mliyoniuzia mlikuwa na kila karatasi ya kuwawezesha kulijua hilo.

Kama mnavyopaswa kujua kwa kuwa mnaiuza, pasi hiyo hutolewa kwa pamoja na kampuni sita za abiria za JR, kundi la kampuni za reli la Japani, na imewekwa kwa ajili ya watalii. Mgeni asiye Mjapani huruhusiwa kuitumia pale tu anapoingia nchini kwa hadhi ya mgeni wa muda mfupi, hadhi ambayo huonekana kwenye stika au muhuri anaowekewa katika pasipoti yake na afisa uhamiaji. Anayekuja kusoma hapewi hadhi hiyo. Hupewa stika iliyoandikwa kuwa ni mwanafunzi, na kwa sisi tuliotua katika viwanja vikubwa kama Narita hukabidhiwa kadi ya ukaazi palepale, hivyo mbele ya dirisha la reli yeye ni mkaazi wa Japani hata kama ameshuka kwenye ndege asubuhi ya siku hiyo. Hili si sharti lililofichwa katika maandishi madogo. Ndilo jambo la kwanza ambalo muuzaji wa pasi hiyo anatakiwa kumuuliza mnunuzi.

Sasa naomba nieleze jinsi mauzo yenyewe yalivyofanyika, kwa kuwa katika ujumbe wenu wa tarehe 16 Desemba mmeandika kwamba kosa ni la mteja "kwa kutosoma masharti".

Mhudumu wenu alichukua pasipoti yangu kwa ajili ya kukata tiketi ya ndege, akaufungua ukurasa wa viza na kuutoa nakala. Alitoa pia nakala ya barua ya ufadhili wangu kutoka serikali ya Japani, ambayo inaeleza kwamba nakuja kusoma shahada ya uzamili. Nakala hizo zilikuwa mezani, mbele yake, wakati tukizungumzia treni. Nilimwambia kwa maneno yangu mwenyewe kwamba nakwenda kusoma miaka miwili Sendai, na kwamba nataka pasi hii ili likizo ya mwisho wa mwaka nimtembelee rafiki yangu wa tangu sekondari, ambaye naye anasoma, lakini yuko Hiroshima. Akanijibu: "Dada, hii ni ya kila mwenye pasipoti ya nje, wasioruhusiwa ni wenyeji tu." Sikuongeza swali, kwa sababu aliyenijibu ndiye mwenye kazi yake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mhudumu huyo hakuwa mtu asiyejua anachouza. Alinieleza vizuri kwamba bei ya pasi ya siku saba ilipanda tarehe 1 Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000. Alinieleza kwamba treni za Nozomi, zile za mwendokasi zaidi, sasa zinapandwa kwa pasi hiyo, lakini kwa kulipa nyongeza. Alinifafanulia kwamba vocha ina miezi mitatu ya kubadilishwa tangu itolewe, na kwamba siku ya kuibadilisha unaweza kuchagua tarehe ya kuanza kuitumia ndani ya mwezi mmoja ujao, kwa hiyo hata likizo ya mwishoni mwa Desemba ingefaa. Tulipiga hesabu pamoja: kutoka Sendai hadi Hiroshima kupitia Tokyo ni zaidi ya kilomita 1,200, nauli ya treni ya mwendokasi ilikuwa karibu yeni 27,000 kwa upande mmoja, kwa hiyo kwenda na kurudi tu pasi inakuwa imejilipa. Hesabu ilikuwa sahihi. Mtu anayeyajua hayo yote hawezi kusema kwamba sharti la nani anaruhusiwa kuitumia lilimpita.

Fedha nilizowalipa, Ndugu Meneja, zilitoka katika zamu ya mama yangu ya upatu. Alinikabidhi akisema zitumike kunifikisha kwa rafiki yangu, kwa sababu katika nchi ile nzima huyo ndiye mtu pekee wa nyumbani ninayemfahamu. Nalitaja hili ili mjue kwamba shilingi milioni moja si kiasi ambacho familia yetu inaweza kukisahau.

Mwezi Novemba mambo yalibadilika. Tarehe 6 baba wa rafiki yangu alifariki dunia Tanga, na kwa kuwa maziko yetu hayasubiri, alizikwa kesho yake huku binti yake akifuatilia kwa simu kutoka Hiroshima. Hakuweza kwenda. Aliniomba nisingoje likizo, bali nifike kabla ya arobaini, iliyoangukia Jumapili tarehe 15 Desemba, ili familia itakapokuwa inasoma hitma nyumbani Tanga naye asiwe peke yake katika chumba chake. Nilimwomba ruhusa msimamizi wangu wa masomo, akaniruhusu kuondoka Ijumaa asubuhi. Kwa treni ningefika siku hiyohiyo alasiri, nikakaa naye siku tatu.

Alhamisi tarehe 12 Desemba, baada ya vipindi, nilikwenda na vocha yenu katika ofisi ya huduma za usafiri iliyomo ndani ya kituo cha Sendai. Aliyenihudumia alipokea vocha kwa mikono miwili, akaomba pasipoti, akaanza kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine hadi alipoifikia stika ya uhamiaji. Akasimama hapo. Kisha akatoa chini ya meza karatasi iliyofunikwa kwa plastiki yenye picha ya stika inayokubalika, akailaza sambamba na pasipoti yangu, na kwa ncha ya kalamu iliyofungwa akaonyesha maneno ya picha, halafu maneno ya stika yangu, halafu tena maneno ya picha. Hakusema neno kali. Aliinamisha kichwa, akanirudishia vocha kwa mikono miwili vilevile, akanieleza kwamba wao hawawezi kuibadilisha wala kurudisha fedha, kwa kuwa marejesho hufanywa na aliyeiuza. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watalii wenye mabegi, na kila mmoja wao alikuwa na haki ya kitu nilichokilipia mimi.

Sina lawama kwa ofisi ile. Walifuata utaratibu wao, nao walinieleza ukweli ambao nilistahili kuusikia Posta Mpya miezi mitatu kabla.

Niliwapigia simu nikiwa bado kituoni. Huku ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, na kwa kuwa Japani iko mbele kwa saa sita, kwenu ilikuwa saa tano na dakika arobaini asubuhi, muda wa kazi. Nilijibiwa kwamba suala langu "linafuatiliwa". Nikatuma picha ya vocha, ya stika na ya stakabadhi kwa njia ya WhatsApp, na alama zinaonyesha kwamba zilisomwa dakika ileile. Ijumaa sikupata jibu. Jumamosi sikupata jibu. Jibu lilikuja Jumatatu, mistari miwili, kwamba fedha hazirudishwi.

Wakati huo ilinibidi nitafute njia nyingine ya kufika. Katikati ya mwezi, nikiwa nimeshalipa kodi ya chumba kutoka katika posho ya yeni 144,000, nilikuwa sina uwezo wa tiketi ya treni ya mwendokasi kwenda na kurudi, hata kwa punguzo la wanafunzi la asilimia 20, ambalo hukatwa kwenye nauli ya msingi tu na si kwenye ada ya mwendokasi. Zikabaki basi. Basi za Ijumaa usiku kutoka Tokyo kwenda Hiroshima zilikuwa zimejaa, nikapata kiti cha Jumamosi. Niliondoka Sendai kwa basi Jumamosi asubuhi, nikangoja Tokyo hadi usiku, na nikafika Hiroshima Jumapili asubuhi miguu ikiwa imevimba kwa kukaa.

Ni haki niseme kwamba hitma niliiwahi. Tanga walisoma baada ya alasiri, na huku ilikuwa usiku, tukaisikiliza pamoja simu ikiwa imeegemezwa kwenye sufuria. Nilichokikosa ni Ijumaa na Jumamosi. Rafiki yangu aliponifungulia mlango alikuwa amejifunga khanga ya mama yake, na macho yake yalionyesha kwamba hakuwa amelala kwa siku mbili. Alikuwa ameniomba nisimwache peke yake katika siku hizo, nami nilikuwa nimemwahidi.

Basi hizo, kwenda na kurudi, zilinigharimu yeni 29,400, na kurudi kwa basi kulinifanya nikose vipindi vya Jumanne. Kama mngeniambia ukweli siku ile, mama yangu angebadilisha fedha zake kuwa yeni nikaja nazo mkononi, na kwa punguzo la wanafunzi na lile la safari ndefu ya kwenda na kurudi, yeni 50,000 zilezile zingenitosha kupanda treni bila pasi yoyote.

Kuhusu masharti ambayo mnasema sikuyasoma: siku ya mauzo nilikabidhiwa vocha ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na mhudumu akaniagiza nisiifungue mpaka nifike Japani isije ikapotea. Hakuna ukurasa wa masharti nilioonyeshwa wala kutakiwa kuutia saini, na fomu yenu ya mauzo, ambayo nakala yake nimeiambatisha, haina hata mstari mmoja unaouliza aina ya viza. Na hata kama ningeyasoma, ninyi mlikuwa mmeisoma viza yangu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na maneno "ya kila mwenye pasipoti ya nje" yalinipotosha katika jambo lililonifanya nitoe fedha.

Kwa hiyo ninadai mnirejeshee shilingi 1,015,000 kamili, bila makato ya asilimia yoyote, kwa kuwa makato ya kughairi humhusu mteja aliyebadili nia, nami sikubadili nia. Ninadai pia mnilipe yeni 29,400 za basi, ambazo tiketi zake nimeziambatisha. Vocha halisi nimeituma kwenu leo kwa njia ya EMS, nanyi msije mkasema kwamba muda wake umepita: niliwapa taarifa tarehe 12 Desemba ikiwa bado hai, na siku zilizobaki ziliishia katika kufuatilia kwenu.

Kuna dai la tatu, na kwangu ndilo zito kuliko fedha. Kila mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, wanafunzi wa Kitanzania huondoka kuja Japani, na wengi wao hupita katika ofisi kama yenu. Ninawataka muongeze katika fomu yenu swali la aina ya viza, na mtu yeyote mwenye viza ya masomo, kazi au mafunzo aambiwe kabla hajatoa fedha kwamba pasi hii haimhusu. Huku Sendai nimeshakutana na Mtanzania mwingine mwenye vocha kama yangu kutoka tawi lenu. Yeye alikata tamaa na kuiweka kabatini. Nimemshauri awaandikie, nanyi mtapata barua yake.

Ninaomba jibu la maandishi ifikapo Ijumaa, tarehe 10 Januari 2025, likieleza tarehe ya malipo. Lisipofika, nitawasilisha barua hii na viambatisho vyake vyote kwa Tume ya Ushindani jijini Dar es Salaam, na mama yangu, ambaye nimempa idhini ya maandishi, atafika mwenyewe ofisini kwenu kuifuatilia.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu
(jina kamili na namba ya stakabadhi vimo katika viambatisho)
Mwanafunzi wa Shahada ya Uzamili, Sendai