Patografu kwenye mfumo

Wapendwa wakunga na mafundi, habari za jioni. Wenzetu wa Mpwapwa na Kondoa wanauliza kwa nini programu inakataa kufungua patografu (mchoro wa kufuatilia uchungu wa kujifungua) mlango wa kizazi wa mama ukiwa umefunguka sentimita 4. Si hitilafu: imefuata mwongozo wa WHO wa 2020, unaohesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5.

Umeme ukikatika, andikeni kwenye karatasi, mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa kama kawaida. Ukirudi, ingizeni kwa saa mliyopima, si saa mnayoingiza. Hili nalisisitiza sana, jamani, maana daktari wa zamu anaamua kwa kuangalia mchoro huo.

Picha za skrini zenye jina la mama zisiletwe humu. Jumatano fundi yuko Chamwino. Anayemhitaji aseme leo.