Okapi: mbona Wambuti hawatajwi?

Ndugu Mhariri,

Mimi nafundisha kuchora hapa Mwanza na kila mwaka huwa nawaonyesha wanafunzi ule mchoro wa okapi, mnyama wa misitu ya Kongo, wa mwaka 1901, wa rangi za maji, alioufanya Harry Johnston, yule Mwingereza aliyekuwa kamishna Uganda. Naandika kwa sababu karibu kila nilikouona umechapishwa, chini yake nakuta jina moja tu, Johnston basi, na hii kitu inaniuma kweli.

Mana huyu bwana okapi aliye hai hakuwahi kumwona. Wenye habari zake ni Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Kuna Mjerumani mmoja alikuwa amewakamata baadhi yao ili awapeleke kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, Johnston akawaokoa akawarudisha kwao, ndo huko akawa anawauliza maswali, wakamwambia huyo mnyama tunamjua, ana mistari. Alipoingia msituni akaonyeshwa nyayo za kwato iliyopasuka mbili, akakataa! Alishajiwekea kichwani kwamba anamtafuta ndugu wa punda, mwenye kwato nzima, kwa hiyo akaona wanamwonyesha nyayo za mnyama mwingine. Kuhusu hizo nyayo wao ndo walikuwa sahihi toka siku ya kwanza.

Vipande vya ngozi alivyopata, vilivyokuwa vimekatwa kutengenezea mikanda, akavituma London, na wataalamu wa kule nao wakasema ni aina mpya ya punda milia wakaiita Equus johnstoni. Ni mpaka Karl Eriksson, afisa wa Kiswidi aliyekuwa Kongo, alipomletea ngozi nzima na mafuvu mawili ndo ikajulikana kumbe ni jamii ya twiga.

Sasa ukiurudia mchoro ukiwa unayajua haya unauangalia kwa jicho lingine kabisa. Rangi amezipatia, ile kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, na mistari myeupe mapajani, hapo mkono wake ulikuwa mzuri sana siwezi kumnyima sifa, mana ngozi alikuwa nayo mbele yake. Ila namna mnyama anavyosimama na anavyobeba shingo ilibidi akisie, ngozi iliyokauka haikwambii hayo, wanaoyajua ni watu waliokuwa wanakutana naye msituni.

Hata hilo neno okapi limetoka kwa watu wa msitu uleule, lakini jina la kitaalamu mpaka leo ni Okapia johnstoni. Hilo silibadilishi mimi wala wewe Mhariri. Ninachoomba, siku mkiuchapa mchoro huu muongeze maneno machache tu pale chini, "kwa maelezo ya Wambuti wa Ituri". Wanafunzi wangu wameshayaandika kwa penseli kwenye nakala tuliyobandika ukutani darasani.

Mwalimu wa sanaa,
Mwanza